Sauti ya rimoti ya Wii kwenye emuleta: itokee wapi?

Kwenye The Legend of Zelda: Twilight Princess, ukivuta upinde unasikia kamba ikikaza ndani ya kiganja chako. Ukiachia, mlio unaanzia kwenye rimoti, na mshale unapogonga shabaha sauti inatokea kwenye televisheni. Spika ndogo ya rimoti ya Wii, konsoli ya michezo ya Nintendo, iliwekwa kwa ajili hiyo hasa, ili mchezaji aamini kwamba kitu kimetoka mkononi mwake kikaenda kule mbele. Cheza gemu hiyohiyo kwenye kompyuta kwa emuleta (programu inayoiga konsoli) isiyoijali spika hiyo, upinde unakuwa bubu. Gemu inachezeka, lakini imepungukiwa.

Naandika kwa mtu anayetaka kuongeza uwezo huu kwenye emuleta, na pia kwa mchezaji anayetumia Dolphin, emuleta ya Wii, na anataka kujua achague njia ipi. Njia ninazolinganisha ni nne. Unaweza kuichanganya sauti ya rimoti na sauti kuu ya gemu. Unaweza kuipeleka kwenye spika nyingine ya pembeni. Unaweza kuirusha kwenye rimoti halisi kupitia Bluetooth ya kompyuta. Au unaweza kuikabidhi emuleta adapta nzima ya Bluetooth, gemu iongee na rimoti yenyewe kwa yenyewe.

Kwanza tujue kinachosafiri

Rimoti ilitoka pamoja na konsoli, Novemba 2006. Ndani yake kuna spika ya milimita 21, na milio inayotoka humo haikai kwenye rimoti. Konsoli inaituma vipande vipande wakati gemu inaendelea. Kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya sauti, yenye namba 0x18, inabeba baiti zisizozidi 20. Kabla ya hapo gemu inawasha spika kwa pakiti ya 0x14, inainyamazisha kwa 0x19, inaandika mipangilio kwenye rejista (vijisehemu vya kumbukumbu ndani ya rimoti) zinazoanzia 0xA20001, kisha inaifungulia sauti. Mipangilio hiyo inataja mambo matatu: muundo wa sauti, kasi ya sampuli (vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde) na kiwango cha sauti.

Miundo iko miwili, PCM ya biti 8, inayobeba kila sampuli kama ilivyo, na ADPCM ya Yamaha ya biti 4, inayobeba tofauti tu kati ya sampuli na sampuli. Kasi haiandikwi kwa Hz moja kwa moja. Kwa ADPCM unachukua 6,000,000 ukagawanya kwa namba iliyoandikwa kwenye rejista, kwa hiyo ukikuta 2,000 ujue ni sampuli 3,000 kwa sekunde. Kwa PCM kinachogawanywa ni 12,000,000. Ukichanganya hizo mbili, sauti itapanda au kushuka oktavu nzima, na ikipanda, mtu anayeongea kwa simu ndani ya gemu atasikika kama mtoto mchanga.

Sasa piga hesabu. Baiti 20 za ADPCM ni sampuli 40. Sampuli 3,000 ukizigawa kwa 40 unapata pakiti 75 kila sekunde, yaani pakiti moja kila milisekunde 13.3. Rimoti nne zikilia kwa pamoja, ni pakiti 300. Zishike namba hizi, kwa sababu ndizo zinazoamua njia ipi itakupa raha na ipi itakukosesha usingizi.

Dikoda: kazi ambayo usiikwepe

Njia mbili za mwanzo zinakutaka uifungue ADPCM mwenyewe kwa dikoda, yaani msimbo unaoirudisha kuwa sauti ya kawaida. Si ngumu, ila haina msamaha. Kila nusu baiti (biti 4, sampuli moja) haikwambii sauti iko wapi. Inakwambia imesogea kiasi gani kutoka pale ilipokuwa. Dikoda kwa hiyo inakumbuka vitu viwili: thamani ya sampuli iliyopita, na ukubwa wa hatua. Hatua inaanza na 127. Ikiingia nusu baiti yenye 7, unazidisha 127 kwa 15 na kugawanya kwa 8, thamani inapanda kwa 238. Halafu hatua yenyewe inakua: 127 mara 614, gawanya kwa 256, inakuwa 304. Ikija 7 nyingine, safari hii unaruka 570, na umeshafika 808. Ndani ya sampuli mbili tu umetoka kwenye ukimya ukaingia kwenye mlio, na hiyo ndiyo siri ya jinsi biti 4 zinavyotosha kubeba mlio wa upanga.

Nusu ya juu ya baiti inatangulia, ya chini inafuata. Ukizigeuza, utapata mkwaruzo unaokaribia kufanana na sauti sahihi, na ukaribu huo ndio unaopoteza muda. Utaanza kushuku bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa), utashuku kasi, utashuku kadi ya sauti, kumbe kosa liko kwenye mstari mmoja.

Kwa kuwa kila sampuli inaegemea iliyoitangulia, kuna mambo mawili ambayo watu huyasahau. Gemu ikishusha kiwango cha sauti hadi sifuri, endelea kudikodi hivyohivyo kimyakimya. Ukiacha, sauti itakaporudi dikoda itakuwa imesimama mahali pasipo pake. La pili ni kuhifadhi hali ya gemu, yaani kuigandisha ilivyo wakati huo ili uweze kuirudia baadaye. Thamani iliyopita na ukubwa wa hatua lazima viingie kwenye faili la hali hiyo pamoja na rejista zote za spika. Mchezaji akirudi nyuma kidogo katikati ya mlio, asikute mlipuko ambao haukuwapo.

Njia ya kwanza: kuchanganya na sauti kuu

Ndivyo Dolphin inavyofanya kwa rimoti ya kuigiza, yaani pale unapotumia kibodi au pedi ya kawaida badala ya rimoti yenyewe. Mikisa yake, sehemu inayojumlisha sauti, ina foleni ya peke yake kwa ajili ya spika ya rimoti, kando ya foleni za sauti za gemu. Sampuli zikishafunguliwa zinaingia humo, zinabadilishwa kasi, zinajumlishwa na nyingine, basi.

Ubora wa njia hii ni kwamba inafanya kazi kwa kila mtu. Haihitaji kifaa chochote, haihitaji draiva, haijali Windows wala Linux wala simu ya Android. Kucheza kwa mtandao hakuharibiki, kwa sababu sauti inayotoka kwenye spika zako haibadilishi chochote ndani ya mashine inayoigizwa. Kuchelewa nako ni kidogo. Ukiweka akiba ya pakiti tatu, umeongeza milisekunde 40, na kwa mlio wa raketi kwenye Wii Sports hiyo inavumilika.

Kuna kazi moja ya sikio hapa. Kutoka 3,000 hadi 48,000 ni mara 16. Ukirudia kila sampuli mara 16 bila kulainisha, unapata ngazi zenye kona kali na mlio wa bati. Weka kichujio, walau cha kuunganisha sampuli kwa mstari, masikio ya watu yatakushukuru. Pia kumbuka kuwa sampuli 3,000 haziwezi kubeba kitu chochote cha juu ya Hz 1,500, na spika ya milimita 21 haitoi besi. Ukiipeleka sauti hiyo kwenye spika kubwa za sebuleni, utasikia uzito wa chini ambao mkono wa mchezaji haukuwahi kuusikia. Mimi naukata uzito huo kidogo, na ninapendekeza ufanye hivyo.

Kinachopotea ni mahali. Kwenye No More Heroes simu inaita, na mchezaji anaweka rimoti sikioni kusikiliza. Ukichanganya sauti hiyo na sauti kuu, mazungumzo ya siri yanatangazwa chumba kizima. Dolphin imejaribu kulipunguza hilo kwa kipimo cha Speaker Pan, kinachokuruhusu kuusukuma mlio wa rimoti upande wa kushoto au wa kulia. Kwa anayevaa hedifoni kinasaidia sana. Weka mlio wote sikio la kulia na ile simu inarudi kuwa simu. Kwa wachezaji wawili, mmoja kushoto mwingine kulia, kila mtu anajua upanga wake ni upi.

Njia ya pili: spika ya pembeni

Hapa sauti iliyodikodiwa inatoka kwenye kifaa kingine cha sauti, tofauti na kile kinachotoa sauti kuu. Cemu, emuleta ya Wii U, ina mpangilio wa namna hii kwa ajili ya GamePad, pedi ya konsoli hiyo yenye skrini. Unachagua kifaa cha televisheni na kifaa cha GamePad kila kimoja peke yake. Kwa anayeandika programu si mzigo mkubwa. Maktaba ya sauti ya cubeb, ambayo Dolphin na Cemu zote zinaitumia, inakubali kufungua mkondo kwenye kifaa unachokitaja.

Njia hii inapendeza zaidi pale kifaa chenyewe kinapokuwa ndicho kilicho mkononi. DualSense, pedi ya PlayStation 5, ukiichomeka kwa USB inaonekana kwa kompyuta kama kifaa cha sauti chenye chaneli nne. Mbili ni za spika na hedifoni, mbili nyingine ni za mitetemo. Kwa hiyo mlio wa upinde unaweza kurudi kiganjani bila rimoti ya Wii kabisa. Kuwa mwangalifu na chaneli tu, kwani ukituma mlio kwenye zile za mitetemo pedi itatetemeka badala ya kulia. Kwa Bluetooth pedi hiyo haijitokezi kama kifaa cha sauti, hivyo waya ni lazima.

Usitumie spika ya kawaida ya Bluetooth kwa kazi hii. Kuchelewa kwake kunafika milisekunde mia na zaidi, na mlio wa raketi unaofika baada ya mpira kuondoka ni bora usingekuwepo.

Wengine wanaogopa kwamba vifaa viwili vina saa mbili zisizolingana. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu 100 katika milioni. Kwa sampuli 48,000 hiyo ni sampuli 4.8 kwa sekunde, na baada ya saa nzima ya mlio usiokatika ni theluthi ya sekunde na ushei. Lakini rimoti hailii saa nzima. Inalia kidogo, inanyamaza, na bafa ikikauka unaanza upya. Usitunge mfumo mzito wa kusawazisha saa kwa tatizo ambalo ukimya unalitatua wenyewe. Jambo la kulitazama ni emuleta ikipungua kasi. Ikikimbia kwa asilimia 98, unapungukiwa sampuli 60 kila sekunde katikati ya mazungumzo, na hapo ndipo unahitaji kunyoosha mlio kidogo badala ya kuuacha ukatike.

Njia ya tatu: rimoti halisi kwa Bluetooth ya kompyuta

Kwa haraka haraka hii ndiyo inaonekana nyepesi kuliko zote. Rimoti unayo, Bluetooth unayo, pakiti za 0x18 zinatoka kwenye gemu zikiwa zimeshapikwa. Hakuna kudikodi, ni kupokea na kupitisha. Dolphin inayo, kwenye dirisha la vidhibiti, kwenye kisanduku cha Enable Speaker Data.

Nilikiwasha mara ya kwanza kwenye laptopu yangu na rimoti moja tu. Mlio wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ulikuwa kama bisi zinapasuka kwenye sufuria. Kufika wa tano, taa za rimoti zilianza kumeta na mhusika wangu akasimama katikati ya vita, rimoti imekatika mawasiliano. Nilibadilisha betri, nikasogea karibu, nikazima Wi-Fi. Kuzima Wi-Fi kulisaidia kidogo, kwa kuwa vyote viwili vinagombea GHz 2.4, lakini bisi hazikuisha.

Sababu yake iko kwenye zile pakiti 75. Konsoli inazituma kwa mpangilio, moja kila milisekunde 13.3, na hakuna mwingine anayetumia redio ile. Kwenye kompyuta, pakiti inatoka kwenye emuleta, inaingia kwenye mfumo wa uendeshaji, inapita kwenye foleni ya Bluetooth ambayo haikuundwa kwa ajili ya pedi inayopokea sauti, ndipo inarushwa. Zinaweza kukaa nne kwenye foleni kisha zikatoka kwa mkupuo. Rimoti haina bafa ya maana ya kuzisubirisha. Ikikosa pakiti inakatika, ikijazwa inatapika. Na kwa kuwa ADPCM inaegemea yaliyopita, pakiti moja ikipotea, zinazofuata nazo zinapinda.

Kwenye Windows kuna historia yake. Hadi Windows 7, mfumo wa Bluetooth wa Microsoft ulilazimisha pakiti zipite kwenye chaneli ya udhibiti, ambapo kila moja inasubiri jibu kabla ya nyingine kuondoka. Kwa taa za rimoti hilo halisumbui. Kwa sauti ni sumu. Kuanzia Windows 8 ikawezekana kuandika moja kwa moja kwenye chaneli ya haraka. Rimoti za baadaye, zinazojitambulisha kwa jina linaloishia na TR, zenyewe zinaitaka chaneli hiyo ya haraka. Kwa hiyo ukiandika msimbo wa njia hii leo, tumia chaneli ya haraka kwa rimoti zote na usirudi nyuma.

Ukiamua kuiongeza, izime kama chaguo la awali. Mchezaji anayepoteza mlio anakosa raha kidogo, lakini anayepoteza rimoti katikati ya gemu anakosa kila kitu. Na wape kipaumbele data za vitufe na mwendo. Foleni ya kutuma ikifika pakiti tatu za sauti, zitupe zote tatu badala ya kuzirundika.

Njia ya nne: kuikabidhi emuleta adapta nzima

Hapa emuleta inaichukua adapta ya Bluetooth kutoka kwa mfumo wa uendeshaji kupitia libusb, maktaba ya kuongea na vifaa vya USB, na kuipa gemu kana kwamba ni moduli ya ndani ya Wii. Gemu yenyewe inaunganisha rimoti, inapanga foleni, inahesabu muda. Emuleta inabaki kuwa tarishi. Kwa sauti ya spika, sijakutana na njia inayoifikia hii. Kamba ya upinde inakaza mkononi kama ilivyokuwa kwenye konsoli, na pedi za ziada kama Nunchuk, MotionPlus na Balance Board zinaingia bila wewe kuandika msimbo wa kila moja.

Gharama zake ni za wazi. Adapta hiyo haitumiki tena kwa kitu kingine gemu ikiwa inaendelea, kwa hiyo hedifoni zako za Bluetooth zitafute adapta nyingine. Kwenye Windows unabadilisha draiva yake kwa programu ya Zadig, na kwenye Linux unaandika kanuni ya udev, mfumo wa ruhusa za vifaa, ili emuleta iruhusiwe kuigusa. Kucheza kwa mtandao hakupo. Kurudisha hali iliyohifadhiwa nako kunavunja muunganiko, kwa sababu hali ya gemu inarudi nyuma ilhali rimoti halisi, iliyo mkononi mwako, hairudi. DolphinBar, kifaa cha USB cha kuunganishia rimoti, haitumiki hapa, maana kwa kompyuta inaonekana kama kundi la vifaa vya kuingizia data na si adapta ya Bluetooth.

Adapta si zote zinazokubali. Iliyo na uhakika kuliko zote ni moduli yenyewe iliyotolewa kwenye Wii iliyokufa. Ndani ya konsoli inaongea USB, hivyo waya chache zinatosha kuiunganisha, ila inakula volti 3.3 na mlango wa USB unatoa 5. Weka kipunguza volti kati yake kabla hujachomeka. Fundi wa simu yeyote mwenye chuma cha kuchomelea chembamba anaiweza kazi hiyo ndani ya dakika chache.

Uchukue ipi

Kama unaandika emuleta na hujaanza, anza na dikoda na njia ya kwanza. Usikubali kishawishi cha kuanza na ya tatu kwa sababu haina dikoda. Utatumia wiki kupambana na foleni ambazo si zako, na wachezaji wasio na rimoti, ambao ndio wengi, watabaki bila sauti vilevile. Njia ya kwanza ikikaa sawa, ya pili ni kama nyongeza ya siku mbili, kwani unabadilisha tu mahali pa kumwagia sampuli zilezile. Ya nne ni mradi unaojitegemea, na inalipa pale tu emuleta yako inapokuwa imeiga moduli ya Bluetooth ya konsoli kwa kina cha kutosha kuibadilisha na ya kweli.

Kama wewe ni mchezaji, angalia ulichonacho mkononi. Mwenye kibodi au pedi ya kawaida avae hedifoni na asogeze Speaker Pan hadi mlio ukae upande mmoja. Mwenye rimoti halisi na mazoea ya kuhifadhi hali kila dakika tano, au anayecheza na rafiki aliye mji mwingine, abaki na rimoti ya kuigiza ingawa inauma. Mwenye rimoti, adapta ya ziada na gemu anayotaka kuimaliza bila njia za mkato, aende moja kwa moja kwenye ya nne.

Kupima kazi yako, usitumie mlio mfupi wa raketi peke yake, kwa sababu unaficha makosa mengi. Tumia simu za Silent Hill: Shattered Memories. Hapo sauti ya mtu inakuja kwa sekunde nyingi mfululizo, na sikio linajua sauti ya binadamu ikoje. Kama oktavu imekosewa utaisikia, kama nusu baiti zimegeuka utazisikia, na bafa ikikauka katikati ya neno utasikia silabi ikimezwa. Hifadhi hali mtu akiwa katikati ya sentensi, rudi hapo mara kumi, na usikilize neno la kwanza kila mara.